Jirani wa Nyuma ya Ukuta

Mpwa wangu mpendwa,

Mimi mjomba wako ni mzima kama chuma cha reli. Wiki iliyopita niliingia mtaa wenu mpya na lori langu, lile ambalo likipiga honi hata kiziwi hugeuka. Nilipiga. Hakufungua mtu geti ila mama yako.

Nyumba uliyomjengea haina kasoro. Kuta ni ndefu hadi kunguru hupumzika njiani. Lakini duka liko mbali, njia ya miguu hakuna, na nje sikuona mtoto hata mmoja.

Nikamuuliza mwanao, uliyemwachia bibi yake ukaenda kazini mbali, "Rafiki yako hapa ni nani?"

"Jirani." Akanivuta hadi ukutani, akapiga hodi. Mbwa wa ng'ambo akabweka. "Umemsikia, Babu? Huyo ndiye Jirani."

Nikacheka peke yangu. Mama yako akasema, "Hana mwingine anayemwitikia."

Sasa wenye mbwa wamehama naye. Mtoto anapiga hodi wee, hajibiwi, na chakula hagusi. Basi jana mimi, niliyemfukuza chui kwa kumkodolea macho tu, nilimbembeleza mlinzi wa nyumba ile anipitishe, nikachuchumaa nyuma ya ukuta, nikabweka. Nilibweka vizuri, mlinzi ni shahidi.

Mtoto akasema, "Jirani, unaumwa? Mbona sauti yako imezeeka?"

Mpwa wangu, mama yako ameridhia, limebaki neno lako. Niruhusu nimlete mtoto kwangu, kwenye vyumba viwili na kelele, watoto wanaingia bila hodi. Kubweka naweza. Swali lile ndilo lililonishinda kujibu.

Mjomba wako, dereva asiye na mpinzani