Komeo la Nje

Kiamunyi, Nakuru
Agosti 2008

Mama yangu mpendwa,

Kabla ya salamu wacha niseme hili, maana nikianza na salamu najijua, nitaishia hapo. Sijawahi kumwambia mtu yeyote. Yule jirani uliyekuwa ukiniacha kwake hapo Kamere ukienda kibarua cha kukata maua, akitoka kununua samaki alikuwa anatufungia ndani na kufuli. Hakuwa mtu mbaya. Hakuwahi kunichapa, na uji wake ulikuwa mtamu. Lakini siku moja aliacha jiko la makaa likiwaka humo ndani, moshi ukajaa, na sisi watoto tukalala sakafuni tukivuta hewa kwenye upenyo wa chini ya mlango mpaka akarudi. Alituosha macho, akatupatia sukari guru, akatuambia tusiseme. Mimi nikalishika neno lake miaka yote hii.

Usilie, Mama. Siandiki kukulaumu. Ulikuwa unatoka kungali giza na unarudi mikono imechomwachomwa na miiba ya waridi, na ulipopata tu nafasi ulinipeleka kwa shosho, nyanya yetu, kule Njoro. Asante kwa kunitoa pale. Sikuwahi kukushukuru kwa sababu ungeniuliza ni asante ya nini.

Sasa ndiyo salamu. Hujambo? Na kifua cha baba, kimetulia? Huku baridi inatuchapa lakini tu wazima, na tunakula vizuri.

Tangu goti la shangazi yangu, Tata Njoki, likatae kusimama sokoni, unajua aliamua kulea watoto hapa nyumbani kwake, nami nimsaidie. Baada ya fujo za uchaguzi za mwanzo wa mwaka, akina mama wengi wamehamia huku. Nyanya na mashangazi waliokuwa wakiwaachia watoto wamebaki mbali, na kibarua hakingoji mtoto alale. Lakini chifu alimwambia Tata peupe: "Njoki, nakuheshimu, lakini bila laiseni na karatasi ya watu wa afya, hii daycare nitaifunga." Na ikifungwa, Mama, Tata hana kazi nyingine, nami kozi yangu ya kufundisha nasari anayonilipia nisahau.

Basi tukaanza kufuata karatasi. Ya kwanza ni cheti cha kushika chakula, na hukipati mpaka upimwe choo. Tata akanipa kopo lake na langu nipeleke maabara, nikayatia kwenye pakiti ya unga. Na huko njiani nakutana na nani? Yule kijana wa kwaya anayenitabasamia kanisani!

"Sasa Wangeci. Leta nikubebee."

"Hapana, ni... ni mbegu."

"Mbegu za nini?"

"Za Tata."

Nilipomsimulia Tata alicheka mpaka akatafuta kiti. Bado ananitania: "Wangeci, mbegu zangu zimeota?"

Halafu Kelvin akatoroka. Huyu ni mtoto wa miaka miwili, mama yake hufua nguo za watu. Alifuata kuku wa jirani mpaka barabarani, na Tata akamkimbilia na goti hilo hilo lori likija. Alimrudisha amemkumbatia mpaka mtoto akalia. Kesho yake akaita fundi, akatia komeo kubwa nje ya mlango wa chumba cha watoto. Akienda dukani nami niko nyuma naanika nepi, analisukuma. Ule mlio wa chuma ulikuwa unanirudisha Kamere. Lakini unanijua. Niliendelea kuanika nepi.

Jumanne afisa wa afya akaja kukagua. Akaangalia choo, tangi la maji, jikoni, madirisha, na kila mahali ni sawa, sawa. Kisha akafika kwenye ule mlango.

"Mama, komeo hili la nje ni la nini?"

"La usiku tu, boss. Wezi ni wengi."

"Mchana hamfungi?"

"Aa! Watoto wa watu?"

Akanigeukia mimi. "Na wewe, msichana? Mchana hufungwa?"

Tata alikuwa ananitazama. Karatasi zote zilikuwa tayari mezani, ilibaki sahihi ya afisa. Kelvin naye alikuwa ameshika sketi yangu. Nikasikia sauti inatoka, nikashangaa ni yangu.

"Hufungwa. Mimi nikiwa nyuma na Tata akiwa dukani."

Afisa akafunika kalamu. "Siwezi kusaini. Moto ukianza, komeo halina masikio. Litoeni, mtafute njia nyingine ya kuwazuia. Nitarudi Ijumaa."

Alipotoka, Tata akanishika bega. "Wangeci! Umekaa hapa miezi yote huongei, mdomo umeupata leo?" Jioni chakula changu alikiweka mezani bila kuniita. Mimi nikafua nepi, hata zile zilizokuwa safi.

Asubuhi niliamshwa na kelele mlangoni. Tata alikuwa amepiga lile goti bovu sakafuni, anazungusha skrubu za komeo kwa kisu cha jikoni. Hakugeuka.

"Usinisimamie kama nguzo. Leta bisibisi."

Tulilitoa pamoja. Fundi akaja akatuwekea kigeti cha mbao kwenye veranda, kimo cha kiuno, mtu mzima anakifungua akiwa upande wowote. Kelvin alikitikisa, akalia, akakipiga teke, akaona afadhali acheze.

Na jana, Mama, afisa alirudi. Alikifungua kigeti na kukifunga mwenyewe, akaingia chumbani, akatoka, akasaini. Tata alipokea karatasi kwa pindo la leso asiichafue. Tunafungua rasmi Jumatatu. Alipomsindikiza afisa akarudi, akaniambia, "Asante, mtoto wangu. Mimi hofu ya lori ilikuwa imenifunga macho. Lakini wewe, ni nini kilikusukuma useme?"

Nikajibu, "Sijui, Tata." Akanitazama sana, lakini hakunilazimisha. Hata kwa hilo namshukuru.

Nisalimie baba, na umwambie hata mlinzi wa geti kama yeye huvaa sweta. Msalimie ndugu yangu Mwangi, anayejiona mkubwa tangu aingie darasa la saba. Ukienda Njoro, mshikie shosho mkono kwa niaba yangu.

Nasikia patapata za Tata zikiburuta sakafu, anakuja huku chumbani. Tangu asubuhi, kila akikaribia naifunika barua hii na kitabu cha nyimbo. Mara hii nimekisukuma kando. Ameshika kitasa. Akitaka kusoma, asome. Akimaliza, yeye mwenyewe ndiye ataipeleka posta.

Mtoto wako akupendaye,
Wangeci