Ndoo ya Mama Siku ya Nanenane

Nansio, 9 Agosti 1995

Dada Teodora, shikamoo.

Mihogo imekauka vizuri na mbuzi wako amezaa mapacha. Jana Mama aliingia tena mbio za ndoo kichwani. Sheria ni ileile: mikono nyuma, na anayefika na maji mengi ndiye anayechukua mche wa sabuni.

Barua hii atataka nimsomee, ila kipande hiki nitakiruka. Katikati ya uwanja aliitua ndoo mwenyewe, akakaa chini. Watu wakacheka. Mama Chenge akamtania, "Bingwa, umeshikwa na kiu?" Naye akajibu, "Leo nawaachia sabuni na nyie mkaoge." Mimi nilijua hawezi kuinuka. Nikaona aibu kupita mbele za watu, nikasimama tu mpaka wenzake walipomwinua.

Dada, amekonda sana. Kile kikohozi cha tangu Pasaka hakijaisha, na hospitali hataki kusikia. Nimembembeleza nimeshindwa. Njoo wewe.

Ameniagiza nikuandikie kwamba ameshinda. Ukifika, mpe hongera kwanza.

Mdogo wako,
Mektilda