Chumba cha Chini ya Ngazi

Shikamoo, Mzee Magesa.

Nasubiri marahaba yako kama mjinga. Nimekaa kwenye kiti chako, chumba kilekile cha chini ya ngazi. Ni mimi Neema, uliyenifundisha kutunza jengo hili tangu sijui hata koki kuu ya maji iko wapi. Sasa msimamizi ni mimi. Na nimechoka, Mzee. Nimechoka vibaya.

Ungeingia leo ungeshangaa. Ule ugonjwa ulipopita, wapangaji wengi hawakurudi. Walishazoea kufanyia kazi nyumbani. Ghorofa ya nne ni buibui watupu. Kila asubuhi nafungua mabomba ya vyumba visivyo na mtu ili maji yasilale, kama ulivyonionyesha. Zile ndoo za kunawia mlangoni, sasa tunatumbukizia madekio.

Unakumbuka tulivyong'oa misumari? Madirisha ya upande wa ziwa yalikuwa yamepigiliwa tangu vilipowekwa viyoyozi. Ugonjwa ulipoingia mjini, wewe ukaja na nyundo, hukumwomba mtu ruhusa. "Binti, umeme una mita, maji yana mita. Hewa haina." Wadudu wa ziwani wakaingia kama moshi, wakajaa kwenye taa, wapangaji wakatusema weee. Wewe ukawa unawafagia, unawajaza kwenye beseni, unampelekea mama ntilie wa nyuma kwa ajili ya kuku wake, huku ukimtania kwamba mayai yatanuka sangara.

Kisha ukaugua wewe. Ukajifungia humu na sufuria la mwarobaini na malimao, ukajifunika blanketi, ukajifukiza. Mimi nilikuwa hapo mlangoni nasikia unavyokohoa. Tukaambiwa ni changamoto ya kupumua. Tukakuzika haraka huko kwenu Mara, watu wachache, hata kukugusa hatukukugusa. Kinachoniua mpaka leo ni hiki: ulifungua madirisha ya jengo zima, na chumba chako hakina hata tundu. Hakuna aliyeliona hilo. Wewe mwenyewe hukuliona!

Sasa mwenye jengo ameleta misumari. Wapangaji waliobaki wanataka baridi ya kiyoyozi, wadudu hawawataki, na wametishia kuhama. Amesema kesho asubuhi akute madirisha yamepigiliwa, la sivyo nikabidhi funguo. Na huyu mhasibu wa ghorofa ya pili ameanza kukohoa, Mzee. Kikohozi kile. Kile chako.

Nikikabidhi funguo naenda wapi? Watoto wangu kule Kiseke wanakula kwa funguo hizi. Nimelia mpaka kichwa kinauma, na wa kumuuliza sina. Kwa nini hukuniambia nifanye nini siku wakitaka kufunga tena? Uliniachia nyundo tu.

Sitapigilia. Naogopa, lakini sitapigilia. Kesho atanifukuza, najua. Ila kabla hajafika, nakuahidi, huu ukuta wa upande wa ziwa, hapa ulipokuwa unaegemeza kichwa ukikohoa, nitautoboa. Atakayekaa humu baada yangu, awe nani, apumue.

Pumzika, baba yangu. Nyundo yako ninayo mkononi. Naanza sasa.

Binti yako,
Neema