Nimeigusa Programu Yako, Yaya Mariamu

Yaya Mariamu,

Nimeigusa. Ile programu yako ya boti, ile uliyonikataza kuitia mkono, nimeifungua, nimeikata, nimeishona upya. Kama umekasirika huko uliko, kasirika. Minye pia nimekukasirikia, basi tuko sawa.

Watu wanasema marehemu haambiwi maneno makali. Lakini weye niliyekuita yaya, dada mkubwa wa kazini, hukuwahi kuniongelesha maneno laini hata siku moja, na sioni kwa nini nianze leo.

Nyumbani kwenu wanaendelea. Mama yako amehamia kwa mdogo wako, kule mtaa wa Mulongwe, na kila Ijumaa anapika wali mwingi kuliko watu waliopo, kisha ananitumia sahani hapa kwangu Songo kwa mkono wa motari, kijana wa pikipiki. Mama yangu anasema Waislamu watanichukua hivi hivi, kidogo kidogo, kwa kunilisha. Ninakula. Wakati mwingine ninakula huku nalia, halafu nanawa mikono na kurudi kazini.

Nikuambie jambo la matanga yako, maana hakuna mwingine atakayekuambia. Tulikuwa bado tumekaa kwenye mikeka, Papa Sadiki, prezida wa chama cha wenye boti, akasimama kukusifu. Alikusifu vizuri. Kisha akasema: "Mariamu alitutengenezea kitu kikubwa. Lakini ile kitu ilikuwa ya Mariamu. Yeye hayuko tena, nayo haiko." Watu wakatikisa vichwa kukubali. Nikainuka nikatoka nje, kwa sababu ningebaki ningepiga kelele mbele ya mama yako.

Niruhusu nikukumbushe ulichofanya, maana inaonekana wengine wamekwisha sahau. Kabla yako, boti ya kutoka Baraka ikichelewa, watu walikuwa wanashuka bandarini Kalundu, hapa Uvira, wanakaa juu ya magunia ya watu na kuyatazama maji. Wanawake wanashinda pale na watoto mgongoni. Hakuna anayejua kitu, na kila mchukuzi wa bandarini ana habari yake ya kubuni. Weye ukarudi kutoka masomo Bujumbura na lugha moja ya kompyuta kichwani, Perl, ukaandika ukurasa ambao mtu yeyote mwenye simu anaweka jina la boti na kujibiwa: imetoka wapi, imepita wapi, imefika ama bado. Karani wa kila bandari anatuma habari, ukurasa unajibu. Serva yenyewe ni mashine moja kwenye biro ya chama pale Kalundu, inaishi kwa pano za jua na batri. Watu wakaacha kukaa juu ya magunia. Ndicho ulichofanya.

Na mimi nilikuja kwako stajieri, mtu wa kujifunza kazi, diploma mpya, kiburi kipya. Asubuhi hiyo ukurasa ulikuwa umegoma, unaonyesha kosa 500 peke yake, nami nikaanza kubadilisha mistari hapa na pale nikiitafuta bahati. Ulikuwa unakula ndagala na ugali pembeni ya kibodi. Ukanisukuma kwa kiwiko, maana vidole vilikuwa na mafuta.

"Weye uko natibu mugonjwa mwenye haujamuuliza anaumwa wapi," ukasema. "Fungua log. Soma mustari wa mwisho. Soma kwa sauti."

Nikaufungua ule waraka ambamo serva inaandika makosa yake, nikasoma kwa sauti kama mtoto wa darasa la kwanza. Mstari ulisema wazi kabisa kwamba faili moja haina ruhusa ya kuendeshwa. Amri moja fupi, ukurasa ukainuka. Ukacheka mdomo umejaa, mwiba wa ndagala ukakupalia, nikakupiga mgongoni. Hivyo ndivyo tulivyojuana.

Lakini programu kubwa, ile inayojibu watu, hukuniruhusu kamwe. Hata hospitalini, sukari imekwisha kukumaliza nguvu, ulinishika mkono ukasema: "Usiiguse, Neema. Ikianguka, hakuna mwenye ataiinua." Nikakuitikia ndiyo. Ungetaka nikuitikie nini, nawe ulikuwa vile?

Baada ya kukuzika mashine ikaanza kuchoka. Ukurasa ulikuwa unachelewa, halafu unachelewa zaidi, na siku nyingine unajibu kosa tupu. Chama kikamleta Josué, mhitimu wa infomatike, atengeneze kitu kipya. Akaiangalia kazi yako, akaniambia bila kuzunguka: "Perl haina muntu hapa Uvira. Weye ukiolewa Goma, nani atabaki nayo?" Nilitaka kumtupia kiti. Lakini nilipotembea kurudi nyumbani nikaona kwamba mdomo wake ni mbaya, swali lake si baya. Weye ndiye uliyetufikisha hapo, Yaya. Uliipenda ile programu mpaka ukaifungia mlango.

Komite ikaamua ukurasa ufungwe, na makarani wawe wanatangaza habari kwenye kundi la simu hadi kitu kipya kiwe tayari. Nikasema sikubali. Papa Sadiki akaniangalia kwa huruma, na huruma ile iliniuma kuliko tusi.

"Neema, weye ni stajieri."

"Ndiyo, Papa. Stajieri ndiye alibaki."

Hakuna aliyecheka. Wakasema ukurasa ubaki wazi kwanza, wataangalia.

Kisha ukaja upepo. Ilikuwa mchana, jua kali, halafu ghafla ziwa likageuka rangi na mabati ya Kalundu yakaanza kupiga kelele. Boti moja kubwa ilikuwa njiani kutoka Baraka, imejaa abiria na mihogo. Uvira nzima ikatoa simu mfukoni kwa pamoja, kila mtu anaandika jina la boti ile ile. Na serva ikafa. Haikuzimika, hapana. Taa zinawaka, feni inalia, lakini haimjibu mtu.

Watu wakaja wenyewe. Mlango wa biro ukajaa, dirisha likajaa. Mbele kabisa alisimama Mama Vumilia, anayeuza mafuta ya mawese pale sokoni. Mume wake ni fundi wa mota kwenye boti hiyo. Josué alikuwa pembeni yangu, akasema tuwaambie ukweli kwamba ukurasa umekufa. Minye nikafungua log. Nikasoma mstari wa mwisho kwa sauti, Yaya, mbele ya watu wote. Mashine ilikuwa inasema nafasi ya kufanyia kazi imekwisha.

Ndipo nikaelewa ugonjwa. Ulivyoiandika, kila mtu anapouliza, serva inaiamsha Perl upya, Perl inaisoma programu yote tangu mwanzo, inafungua hifadhi ya habari, inajibu neno moja, inakufa. Akiuliza mwingine, inaamshwa nyingine. Watu wachache, hakuna neno. Mji mzima ukiuliza pamoja, zinaamka Perl nyingi hadi zinakanyagana, na hakuna hata moja inayofika kwenye jibu.

Nikafanya jambo ambalo ungeniruka shingoni kwa ajili yake. Nikauzima mlango wa serva, asiingie muulizaji yeyote.

Mama Vumilia aliona skrini imebadilika. "Unazima namna gani, na bwana yangu iko ku mayi?" Sauti yake haikuwa kubwa. Sitaisahau.

"Mama, niache," nikamwambia. "Niko nafungua njia."

Niliandika programu ndogo sana, mistari michache tu: yenyewe inauliza hifadhi mara moja kila dakika, inaandika hali ya boti zote kwenye ukurasa mmoja wa kawaida, basi. Serva ikapewa amri: anayeuliza apewe ukurasa huo, Perl isiamshwe. Perl ibaki kwa makarani wa bandari peke yao. Nikaufungua mlango tena.

Na hapo, Yaya, ikaingia habari ya karani wa Mboko, bandari ya katikati ya njia. Muda wote ule alikuwa anajaribu kutuma, anajaribu tena, anakataliwa, kwa sababu waulizaji walikuwa wameziba mlango ambao yeye pia anapitia. Nahodha alikuwa ameuona upepo mapema, akageuza boti, akaingia Mboko. Abiria wote wako nchi kavu.

Nikageuka nikamtafuta Mama Vumilia, lakini yeye alikuwa amekwisha kuiona kwenye simu yake. Alikuwa ameishika kwa mikono miwili, anasoma polepole huku midomo inacheza. Kisha akakaa chini pale pale kwenye sakafu na kuomba maji ya kunywa. Josué ndiye aliyemletea.

Usidhani nilikushukuru siku hiyo. Nilikukasirikia sana. Nilikaa kwenye kiti chako nikasema kwa sauti: ulijua. Mtu mwenye akili kama yako lazima alijua kwamba siku moja itafika hivi, na ukanishika mkono hospitalini ukaniambia nisiguse. Karani ana habari njema mkononi na haiwezi kupita! Kama yule nahodha angekuwa anaomba msaada, je?

Kesho yake nikaifungua programu kubwa. Josué akavuta kiti bila kuitwa.

Ni kazi nzuri, Yaya, na mahali pengine ni kichekesho. Kwa kila boti unaenda kuisoma tena orodha ya bandari zote, kana kwamba Baraka ingehama kati ya boti na boti. Nikaisomesha mara moja, mwanzoni. Hifadhi ilikuwa inatafuta jina la boti kwa kupitia kila safari tangu ulipoanza. Nikaitengenezea faharasa, sasa inaenda moja kwa moja. Na katikati kabisa nikakuta umeiamuru programu isimame sekunde mbili kabla ya kujibu. Tulikodoa macho hadi nikakumbuka modem yako ya zamani ya intaneti, ile iliyokuwa inakatika ukiikimbiza, ulikuwa unaibembeleza. Modem ilitupwa zamani, na mji mzima bado unaingoja. Nikafuta mstari huo. Josué akacheka, nami nikacheka, halafu nikashindwa kuendelea. Akatoka nje kununua mkate, akakaa huko muda mrefu kwa makusudi.

Kisha tukafanya lile kubwa: Perl ibaki macho, isife baada ya kila jibu. Mwendo wake ulinifanya nipige makofi. Lakini Josué akashika simu mbili, akauliza boti mbili tofauti kwa wakati mmoja, kisha akaniita. "Neema, kuya uone. Hii iko najibu ya muntu mwingine." Zamani Perl ilikuwa inakufa na kusahau kila kitu. Sasa inaishi, na inabaki na majina ya muulizaji aliyepita. Mtu angeuliza boti ya mume wake na kuambiwa imefika, kumbe ni boti ya mwingine. Tulirudi mstari kwa mstari. Tukaiwekea ile amri ya ukali, strict, inayokataa jina lisilotangazwa, uliyokuwa unaidharau, na kila jina linaloshika habari tukalitangaza kwa neno lile fupi, my, ili lizaliwe na ombi lake na kuondoka na ombi lake. Tukajaribu tena, na tena, tukawaomba wachukuzi wa bandarini nao waulize kwa simu zao. Ikasema kweli kila mara.

Papa Sadiki alikuja, akauliza boti yake mwenyewe, akajibiwa kabla hajaishusha simu. Akakuna ndevu. "Tutaona," akasema. Kitu kipya bado wanakitaka, na huenda kikaja. Kije. Nimewaambia kwenye komite kwamba kitasimamishwa karibu na cha Mariamu, tukiulize siku ya upepo, na kisipojibu kitarudi kilikotoka. Hadi siku hiyo, wa kuufunga ukurasa wako atanikuta nimekaa juu yake. Na Josué siku hizi anaandika Perl, vibaya, kwa matusi, lakini anaandika.

Yaya, sikubali kwamba umekwenda na kazi yako. Uko chini ya udongo, nimelia, nitalia tena. Lakini kazi ni ya watu walio majini, na hiyo sitaiacha izikwe na mtu, si na weye, wala na minye.

Sasa ninakuaga, maana nina mfuko wa kufunga. Kesho ninapanda boti kwenda Baraka, kuwafundisha makarani wa kule kuisoma log, kuirekebisha, na kuibadilisha wakiona inafaa. Sijui kuogelea na weye unajua. Mama amenikataza, nimemkatalia. Ameshika simu tangu asubuhi, anajizoeza kuandika jina la boti yangu bila kukosea herufi.

Nakuahidi hili: atajibiwa.

Pumzika, Mungu akurehemu.

Neema wako