Mama Kumi na Wanne

Dada yangu,

Mdogo wako nina bahati ya mtende! Nimefika tu kwenye hii jamii ya watu walioapa kuishi sawa, mwanao akanirukia shingoni mbele ya kadamnasi. Mimi niliyeizunguka dunia sijawahi kuona mahali pasipo kufuli hata moja. Nguo ni za wote, viatu ni vya wote; leo seremala kavaa vyangu, vinamtoa machozi.

Neno “wangu” ni mwiko. Ukiteleza, ukumbi mzima wa chakula unakupigia kelele: “Wetu!” Nilicheka mpaka mbavu zikauma.

Kisha nikamfuata mwanao jikoni, anamenya viazi.

“Mama yako anaumwa sana. Anakuita.”

“Mama yupi, mgeni wetu? Hapa tunao kumi na wanne.”

“Aliyekuzaa, wewe!”

“Mpe pole mama yetu,” akasema, akachukua kiazi kingine.

Dada, sweta uliyomfumia ukiwa kitandani nilimpa. Asubuhi nimeona seremala kaivaa.

Ndimi mdogo wako, wako peke yako.

Pale juu nimekudanganya. Hakunirukia shingoni. Hata mkono hakunipa.