Kopo la Unga wa Mizizi

Itigi, 4 Novemba 1974

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima hapa reli, wasiwasi ni huo mgongo wako. Nimempa utingo wa basi kopo la unga wa mizizi, unaongeza damu na nguvu. Muuzaji ameapa ni vitu vya porini tu, havina madhara, hata mtoto anakunywa. Tia kijiko kimoja kwenye uji kabla ya kwenda shamba la kijiji.

Mwanao,
Antipasi

Iramba, 27 Novemba 1974

Mwanangu Antipasi,

Marahaba. Mgongo upo, roho ndiyo haipo. Niliona aibu kupata nguvu peke yangu na shamba tunalima wote. Jana, zamu yangu ya kupika, nikamimina kopo zima kwenye uji wa wote. Sikusema, nisionekane najivunia mwana mwenye mshahara.

Jua halijapanda, watu wakawa wanatapika damu kwenye matuta. Dorika, mke wa Philipo, akafa. Philipo akasema mchawi ni mzee Melkiori, mganga wetu, kwa kuwa asubuhi alikaa karibu na sufuria. Wakampiga kwa mipini ya majembe. Nilisikia mkono wake ukivunjika, na jicho moja limetoka. Nilisimama pale nikanyamaza, na najichukia. Wamemfungia ghalani mpaka mkutano wa tarehe nane. Philipo ananoa panga. Muulize huyo muuzaji wako alitia nini koponi.

Mama yako,
Theresia

Itigi, 2 Desemba 1974

Mama,

Shikamoo. Nimempiga muuzaji mpaka meno yakamwagika. Hajui kilichomo, naye huuziwa kwa gunia. Fukia kopo, choma barua zangu. Melkiori ni mzee, siku zake zimekwisha. Mama ninaye mmoja.

Mwanao,
Antipasi

Iramba, 9 Desemba 1974

Antipasi,

Marahaba. Afya yangu usiiulize. Jana nilisimama mkutanoni na kopo mkononi, nikasema ni mimi niliyemimina. Philipo alinipiga ubapa wa panga, nikaanguka. Melkiori, waliyemtoa ghalani, akasema pale chini alipolazwa, "Mwacheni. Nilimwona akimimina. Nilijua hakukusudia."

Alijua tangu siku ile, akapigwa na hakunitaja. Jioni akafa.

Polisi wa Kiomboi wamefika. Nimewapa kopo, na barua zako zote mbili.

Mama yako,
Theresia