Muhuri wa Chifu na Tarehe ya Kompyuta

Voi, Jumanne

Sijui nicheke au nijifiche. Jana Mzee Mwakio alishuka kutoka Sagalla hadi saiba yangu, duka la intaneti, nitume mtandaoni maombi ya ualimu ya binti yake. Tovuti ikagoma kufunguka, kompyuta ikidai cheti si halali. Nikajifanya mtaalamu: "Mzee, wamekataa cheti."

Leo, siku ya mwisho ya maombi, amerudi na vyeti vya familia nzima, hadi vya ubatizo, na barua ya chifu yenye muhuri juu yake. "Chagua wewe, mwanangu."

Hapo ndipo nikaona tarehe ya kompyuta: mwaka juzi! Kumbe kilichokataliwa ni cheti cha tovuti yenyewe, kile kinachoionyesha kompyuta kuwa tovuti ni ya kweli, kwa kosa la tarehe ya kompyuta yangu. Nikairekebisha, ukurasa ukafunguka.

"Umeona kazi ya muhuri wa chifu?" mzee akasema.

Sikumsahihisha. Afadhali chifu asifiwe kuliko mimi nijulikane.